QT ya dawa za kifua kikuu sugu ndiyo mlango wetu wa utafiti wa moyo kwa kompyuta

Karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo wa milimita 1 ni milisekunde 40. Tuchukue mfano wa mgonjwa wa kifua kikuu sugu ambaye moyo wake unapiga mara 100 kwa dakika, jambo lisilo geni kwa mtu mwenye homa na upungufu wa damu. Kati ya mpigo na mpigo kuna miraba 15. QT, yaani muda tangu vyumba vya chini vya moyo vianze kuchochewa na umeme hadi virudi kwenye utulivu, ni miraba 9 na nusu, sawa na milisekunde 380. Ukiisahihisha kulingana na kasi ya moyo kwa kanuni ya Bazett unapata 491. Kwa kanuni ya Fridericia unapata 451. Sasa msomaji wa pili aone kwamba wimbi la T, lile la mwisho wa QT, limeishia nusu mraba mbele: QT inakuwa 400, Bazett inatoa 516 na Fridericia 474. Karatasi ni ileile na mgonjwa ni yuleyule, ilhali kikomo cha kusimamisha bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu inayorefusha QT, ni 500.

Mazungumzo ya akili mnemba katika tiba ya moyo yakifika kwetu hupenda kuanzia kwenye saa za mkononi na programu za kununua. Msimamo wetu ni kwamba Moshi na Arusha zianzie kwenye karatasi hiyo. Kibong'oto, hospitali iliyobobea katika kifua kikuu sugu, iko Siha. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa, iko Moshi mjini. Taasisi ya Nelson Mandela, yenye shule ya sayansi za kompyuta na mawasiliano, iko Tengeru. Gari moja linazunguka zote tatu kwa siku moja. Ni sehemu chache duniani ambako wagonjwa wanaokunywa dawa zinazorefusha QT, madaktari wanaowafuatilia kwa ECG na watu wanaojua milinganyo wako karibu kiasi hiki.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa. Kuna modeli za kompyuta zinazojengwa kwa milinganyo ya fizikia na kemia ya seli, na kuna programu zinazojifunza kutokana na data nyingi bila kuelezwa seli inafanyaje kazi. Za kwanza zina umri mkubwa. Hodgkin na Huxley waliandika milinganyo ya umeme wa neva mwaka 1952, wakitumia neva ya ngisi. Mwaka 1960 Denis Noble, akiwa London, aliigeuza milinganyo hiyo iwe ya seli ya moyo. Modeli ya O'Hara na Rudy ya mwaka 2011, inayotumika sana leo kwa seli za vyumba vya chini, ilijengwa kwa vipimo vya mioyo zaidi ya 100 ya binadamu isiyo na ugonjwa, na ina vigeu 41 vinavyobadilika kwa pamoja katika kila mpigo.

Kinachoigwa ni hiki. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna volti hasi, karibu milivolti -85 ukilinganisha na nje. Milango ya sodiamu ikifunguka, volti hiyo inaruka hadi juu ya sifuri kwa muda wa milisekunde moja au mbili. Kalsiamu inaingia na kuishikilia juu huku misuli ikijikaza. Kisha potasiamu inatoka na kuishusha tena. Safari nzima huchukua milisekunde 250 hadi 300 hivi. Miongoni mwa milango inayotoa potasiamu upo mmoja unaoitwa hERG, wenye uwazi mpana wa ndani ambao molekuli za dawa za aina nyingi hunasa humo. Ukizibwa, seli inachelewa kurudi chini na QT inarefuka. Ikichelewa sana, milango ya kalsiamu hupata nafasi ya kufunguka tena kabla mpigo haujaisha, na seli inaruka mara ya pili. Mruko huo ukisambaa kwenye misuli ambayo baadhi yake iko tayari kuchochewa na baadhi bado, wimbi la umeme linaanza kujizungusha kama moto wa nyasi unaotafuta mahali palipokwisha kuota upya. Hapo ndipo mgonjwa anapoanguka ghafla.

Kwa nini tusipime tu ni dawa gani inaziba hERG tukaipiga marufuku? Kwa sababu kipimo hicho peke yake hudanganya. Verapamili inaziba hERG vizuri kabisa, lakini inaziba kalsiamu pia, na hizo mbili hupingana. Hatari yake ya kuvuruga mdundo kwa njia hii ni ndogo sana. Kwa upande wa pili, terfenadini, dawa ya mzio iliyotumiwa na watu wengi bila wasiwasi, iliondolewa sokoni Marekani miaka ya 1990 baada ya kuonekana kwamba ikinywewa na dawa nyingine zinazozuia ini kuivunja, inajaa kwenye damu na kuua. Kabla ya hapo jaribio la CAST lilikuwa limeshatoa somo kali zaidi. Wagonjwa waliopona shambulio la moyo walipewa enkainidi na flekainidi ili kuondoa mapigo ya ziada. Mapigo ya ziada yalipungua kweli, na vifo vikaongezeka. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mwaka 1989. Dawa ilirekebisha kilichoonekana kwenye ECG huku ikiharibu namna wimbi linavyosafiri ndani ya msuli wenye kovu.

Ndiyo maana tangu mwaka 2013 wasimamizi wa dawa, viwanda na watafiti wamekuwa wakijenga utaratibu unaoitwa CiPA: unapima dawa kwenye milango kadhaa ya ioni, yaani ya chumvi kama sodiamu, kalsiamu na potasiamu, unaingiza matokeo kwenye modeli ya seli ya binadamu, na modeli ndiyo inayoipanga dawa katika hatari ndogo, ya kati au kubwa. Ulijaribiwa kwa dawa 28 ambazo hatari zake zilikuwa zinajulikana tayari. Mwaka 2017 kundi la Oxford lilichapisha kazi ya dawa 62 ambamo modeli za seli za binadamu zilibashiri hatari kwa usahihi wa asilimia 89, zikiwashinda sungura wa maabara.

Upande wa pili, wa programu zinazojifunza, mafanikio ni makubwa na yanastahili sifa. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walifunza na kupima programu kwa ECG 649,931 za wagonjwa 180,922, ikaweza kutambua mtu mwenye mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo hata ECG ikipigwa wakati mdundo umetulia. Mwaka 2020 timu iliyotumia mtandao wa tiba-mbali wa Minas Gerais, Brazili, ilifunza programu kwa ECG zaidi ya milioni 2, ikatambua aina 6 za kasoro. Hii ya Brazili inatuhusu zaidi kuliko ya Mayo. Mtandao ule ulijengwa ili kusaidia vituo vya afya vilivyo mbali na daktari wa moyo, na data ya utafiti ikawa zao la huduma iliyokwisha kuwepo.

Lakini tazama kinachotokea namba za Mayo zikiletwa Hai bila kubadilishwa chochote. Programu ile ilikamata asilimia 79 ya wenye tatizo na kuwaacha kwa haki asilimia 79.5 ya wasio nalo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai kwa wazee 2,232 wenye miaka 70 na zaidi uliwakuta na mtetemo huo 15, yaani asilimia 0.67. Kwa makadirio ya kiwango hicho, kati ya wazee 10,000 wenye tatizo ni 67 na programu inawapata 53. Wazima ni 9,933, na asilimia 20.5 kati yao, watu 2,036, wanaambiwa wana dalili. Kati ya kila wazee 39 watakaoitwa hospitali, mmoja ndiye mwenye ugonjwa. Hata kama waliojificha ni mara mbili au tatu ya hao, foleni ya kliniki itakuwa ya watu wazima waliolipa nauli kuja kuogopeshwa. Kosa hapa si la programu. Ugonjwa ukiwa adimu, kipimo chochote chenye makosa ya namna hiyo huishia hapo.

QT ya dawa za kifua kikuu ni habari tofauti kabisa. Hapa hatutafuti ugonjwa adimu kwenye umati. Kila mgonjwa amekunywa dawa inayojulikana kurefusha QT, na mara nyingi zaidi ya moja: bedakwilini, moksifloksasini, klofazimini. ECG hupigwa kabla ya kuanza na kurudiwa kwa ratiba, kwa hiyo kila mgonjwa ni kipimo cha kujilinganisha naye mwenyewe. Jibu linalotafutwa ni namba, milisekunde, na namba hiyo ina uamuzi nyuma yake.

Halafu kuna sababu ya kisayansi ambayo kwetu ndiyo nzito kuliko zote: mgonjwa wa aina hii hayumo ndani ya modeli zilizopo. Modeli ya O'Hara na Rudy huja na potasiamu ya nje ya seli ikiwa imewekwa milimoli 5.4 kwa lita, kipimo cha maji ya maabara. Damu ya mtu mzima wa afya ina 3.5 hadi 5.0. Mgonjwa aliyetapika siku tatu, au anayechomwa sindano zinazoifanya figo imwage chumvi, anaweza kuwa na 3.0 au chini. Na jambo hili huenda kinyume na mtu anavyotarajia: potasiamu ya nje ikipungua, mlango wa hERG unapitisha potasiamu kidogo zaidi, haupitishi zaidi. Ni kama mgonjwa ameshazibwa kwa sehemu kabla hajameza kidonge. Ongeza uzito mdogo, albumini iliyoshuka, virusi vya UKIMWI na dawa zake, na unaye mtu ambaye watengenezaji wa modeli hawakumfikiria.

Kazi yenyewe ya modeli haihitaji kompyuta ya mamilioni. Moyo mzima wa kompyuta, wenye umbo lililochukuliwa kwenye picha za MRI na matundu ya wavu ya robo milimita, unahitaji seva kubwa, na hilo tuliweke kando kwa sasa. Seli moja inakwenda kwenye laptopu, kwa programu huria kama Myokit au openCARP. Unachukua modeli ya msingi na kubadilisha nguvu ya kila mlango kwa bahati nasibu, tuseme kati ya asilimia 50 na 150 ya kawaida, mpaka upate seli elfu moja au mbili zinazotofautiana kama watu wanavyotofautiana. Unatupa zote zinazotoa mpigo ambao haujawahi kupimwa kwa binadamu. Zilizobaki unaziwekea potasiamu ya 5.0, 4.0, 3.5 na 3.0. Ndipo unaingiza dawa, kila moja kama sehemu ya milango iliyozibwa kwa kiwango fulani kwenye damu, na kuiacha seli ipige mara 500 hadi 1,000 ili itulie. Anayesoma matokeo baada ya mipigo 10 anasoma seli ambayo bado inahangaika kujipanga. Sodiamu na kalsiamu za ndani huchukua dakika nyingi kutulia. Hili ni kosa la kawaida la wanaoanza, na halionekani kwenye grafu.

Sehemu ngumu ni namba za kuingiza. Nguvu ya dawa ya kuziba hERG ikipimwa na maabara mbili inaweza kutofautiana mara kadhaa, kwa sababu moja ilipima kwenye joto la chumba na nyingine kwenye nyuzi 37. Dawa inayopenda mafuta kama bedakwilini hunata kwenye plastiki ya vyombo, kwa hiyo kiwango kilichoandikwa si lazima ndicho kilichoifikia seli. Kwenye damu karibu yote imeshikwa na protini, na kinachogusa moyo ni ile sehemu ndogo iliyo huru. Kosea kidogo kwenye sehemu hiyo na modeli itakupa mgonjwa mzima au maiti, upendavyo. Tena bedakwilini huvunjwa na ini kuwa kitu kingine, M2, ambacho nacho kinachangia kurefusha QT, na vyote viwili hukaa mwilini miezi baada ya kidonge cha mwisho. Kwa sababu hiyo ECG ya wiki ya 2, wakati dozi inashuka kutoka miligramu 400 kila siku hadi 200 mara tatu kwa wiki, haisemi yote. Ya wiki ya 12 na ya 24 ni za lazima.

Programu inayojifunza ina nafasi yake hapa, na nafasi hiyo ni ya unyenyekevu: kupima QT kwa namna ileile kila mara, usiku na mchana, bila kuchoka. Kisha vipimo vyake ndivyo vitakavyoionyesha modeli ya seli wapi inakosea. Modeli ikisema mgonjwa mwenye potasiamu ya 3.2 anayetumia dawa hizo tatu atarefuka milisekunde 60, na vipimo vya wagonjwa kama huyo vikirudi na 30, tumejifunza kitu kuhusu dawa. Programu peke yake isingetufundisha hilo. Ingetoa jibu bila sababu, na mchanganyiko mpya wa dawa ukija mwakani ingebidi isubiri wagonjwa wapya waumie ndipo ijifunze.

Kinachokwamisha yote haya ni kitu cha bei ndogo: ishara ghafi haihifadhiwi. Mashine nyingi huchapa kwa joto kwenye karatasi maalumu, ambayo maandishi yake hufifia faili likikaa kabatini, hasa karibu na dirisha. Mashine ileile ndani yake ina namba 500 kwa sekunde kwa kila mstari. ECG ya mistari 12 na sekunde 10 ni namba 60,000, na kwa baiti 2 kila moja ni kilobaiti 120. ECG laki moja ni gigabaiti 12. Zinaenea kwenye flashi ya gigabaiti 16, ile inayouzwa dukani stendi. Picha ya simu ya karatasi si mbadala wake, kwani karatasi ikijikunja kidogo ile milimita 1 inapotea, na tumeshaona nusu mraba inafanya nini.

Wakati wa kununua mashine, kabla ya bei, iulizwe: inatoa faili ghafi kwa mfumo ulio wazi, au PDF tu? Ikitoa PDF tu, isinunuliwe kwa kazi hii. Ikishafika, kichujio cha umeme kiwekwe hertzi 50. Mashine zilizopangwa kwa soko la Marekani huja na 60, na kelele ya gridi yetu hupita pale katikati ya mawimbi. Programu iliyofunzwa kwa ECG za Marekani inaweza pia kushangazwa na kelele ambayo haijawahi kuiona. Kichujio cha misuli cha hertzi 40 kizimwe, kwani kinalainisha mawimbi mahali pale QT inapoanzia na kuishia. Vibandiko vya mkono wa kulia na wa kushoto vikibadilishana, mstari wa I unageuka chini juu; muuguzi aliyefundishwa kuutazama kabla ya kumwachia mgonjwa avae shati anaokoa kazi ya wiki nzima. Na potasiamu ipimwe siku hiyohiyo. ECG isiyo na potasiamu ya siku yake, kwa utafiti huu, ni nusu ya ushahidi.

Baada ya hapo wasomaji wawili wapime QT kila mmoja peke yake, wa tatu aamue wakitofautiana kwa zaidi ya milisekunde 20, na kanuni iwe Fridericia, kwa sababu Bazett huipandisha QT ya moyo unaokwenda mbio. Mgonjwa mwenye potasiamu ya chini hutoa wimbi la T lililolala na wimbi dogo la U linalofuata, na programu nyingi huyaunganisha yawe moja. Hizo ECG zisitupwe kwa kisingizio cha ubora. Ndizo hasa tunazozitafuta. Data ikigawanywa ya kufunzia na ya kupimia, igawanywe kwa mgonjwa. ECG ya wiki ya 2 ikiwa upande mmoja na ya wiki ya 12 ya mtu huyohuyo upande wa pili, programu inamkumbuka mtu badala ya kuijua QT, na usahihi unaochapishwa ni wa uongo hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Upo mkondo wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kibali cha kitaifa cha maadili ya utafiti ni cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mshirika wa kutoka nje akitaka faili, apewe kwa mkataba unaotaja mambo manne: nakala kamili inabaki Kilimanjaro, programu iliyofunzwa kwa data hiyo inarudi ikiwa na namba zake zote na si kiungo cha kulipia, majina ya waliopiga na kusoma ECG yanaingia kwenye waandishi, na mgonjwa ambaye QT yake ilionekana kuvuka 500 wakati wa uchambuzi anatafutwa siku hiyohiyo, awe bado yuko wodini au amesharudi Sanya Juu. Sharti la mwisho lina gharama: linahitaji mtu mwenye simu, namba za ndugu wa mgonjwa, na dokta wa zamu aliyekubali kwa maandishi kupokea taarifa hiyo hata Jumapili. Bajeti isiyo na mshahara wa mtu huyo isipelekwe kuombewa kibali.